Mama Alivyouona Mwezi Ukipatwa

Siorapaluk,
Greenland.
6 Desemba

Mpendwa dada Tukummeq,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na shemeji Henrik? Kile kikohozi cha Inaluk kimepona? Sisi huku ni wazima. Barafu ya ghubani imeshika na sasa inabeba sleji na mbwa wanaozikokota. Jua tuliliaga tangu Oktoba, lakini wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, hauzami, unatuzunguka mchana na usiku.

Basi kaa vizuri, maana nina habari ya Mama na siwezi kuishikilia tena.

Unajua tangu alipotolewa mtoto wa jicho kule Nuuk, Kaka Ussarqak hakumruhusu kugusa mbwa wake mwenyewe. Alidai Mama hataona ufa wa barafu mpaka awe ndani yake. Alikwishaanza hata kuwagawa wale mbwa kichwani, huyu wangu, yule wa binamu. Mama akanuna. Mwisho wakakubaliana kwamba siku ya mwezi kupatwa ndiyo itakayoamua. Akikiona kivuli, mbwa ni wake. Asipokiona, sleji inapandishwa juu ya banda.

Kupatwa kwenyewe kulikuwa kule kwa kivuli chepesi. Mwezi haumegwi wala hauwi mwekundu, unafifia upande mmoja tu kama shavu lililopakwa masizi kidogo. Hata wenye macho mazima hubishana. Na wewe ndiye uliyemshawishi akubali upasuaji, nikawa nawaza nitakuandikia nini akishindwa.

Siku ilipofika, karibu na adhuhuri, mwezi ukiwa chini upande wa kaskazini, kijiji kizima kilikuja kwetu. Na unatujua, hatuwezi kukusanyika bila kahawa na keki. Kila mtu alitazama kidogo, akaingia ndani penye taa kujipasha moto, akatoka tena macho yamejaa mwanga, haoni kitu. Ussarqak na kamera yake ya miguu mitatu ndiye aliyeingia mara nyingi kuliko wote. Mama hakuinuka. Alikaa kule nje juu ya sleji yake na suruali yake ya ngozi ya dubu, madirisha ameyapa mgongo. Nilimpelekea kikombe, akakikataa.

Baadaye akasema taratibu, "Pale chini pamechafuka. Chini, kushoto kidogo."

Ussarqak akatoka na keki mkononi. "Mama, hiyo ni pumzi yako. Mwezi uko vilevile."

"Pumzi yangu naijua, mwanangu. Piga picha, halafu uitazame."

Akapiga, akailinganisha na aliyoipiga asubuhi. Kisha akanikabidhi kamera. Dada, giza lilikuwa palepale, chini, kushoto! Nilipiga yowe mpaka mbwa wote wakaitikia. Nikamkumbatia Mama nikalia, machozi yakaniganda shavuni. Hata siku ya harusi yangu sikufurahi hivyo, ila usimwambie mke wangu.

Mama alimgeukia Ussarqak akamwambia, "Sasa nifungie mbwa wangu kwenye sleji. Mjeledi nitaushika mwenyewe."

Juzi wakatoka kuwinda sili, Mama akiendesha, Ussarqak ameketi nyuma kama mzigo. Wamerudi na sili wawili wanono. Na huyo huyo kaka yetu sasa anapita nyumba kwa nyumba akisimulia jinsi Mama alivyouona ufa mpya kabla yake, na kila akisimulia ufa unazidi kuwa mpana.

Msalimie sana shemeji, na Inaluk mbusu kwa niaba yangu. Jirani yetu Eqilana anakusalimu, amekuwekea wale ndege wa kuchachisha ndani ya ngozi ya sili, ujitahidi kuja kabla sijawamaliza. Mungu awakinge na maradhi huko ugenini, atukutanishe tukiwa tumetimia.

Mama amesimama hapa ninapoandika. Ameishusha picha yako ukutani, ameishika mbali kwa mkono ulionyooka, hajaisogeza puani kama alivyozoea. Anasema nikuandikie kwamba umeanza mvi, na zimekupendeza.

Ndugu yako akupendaye bila kuchoka,
Masaitsiaq