Namba Mbili Ukumbini, Namba Nane Miguuni

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kuuma, na zile mashine za kufulia za hoteli yenu hazijakumeza. Mimi mwili mzima, ila kichwani siko sawa, ndiyo maana leo naandika kurasa tatu badala ya moja.

Dada, tangu uondoke bendi imeingiwa na nini? Nakueleza kama ilivyo. Jumamosi saa kumi jioni tunafungua ukumbi. Tarumbeta anaanza, gitaa linaingia, ngoma zinaitikia, watu wanajaa katikati mpaka sakafu haionekani. Kisha mimi nashika maiki. Sijamaliza ubeti wa kwanza, watu wanakwenda kukaa! Mmoja kakumbuka kiu, mwingine kakumbuka mkewe yuko nje, mwingine anainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba. Nikinyamaza tu, gitaa likabaki peke yake, haooo wanarudi. Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili nikasema ni joto. Sasa ni wiki ya saba, na hata Jumamosi ya mvua walikwenda kukaa.

Miaka sita nimeimba pale na halijatokea hata mara moja. Nimejiuliza, kilichobadilika ni nini? Sauti ni ileile, nyimbo ni zilezile, shati la maua ni lilelile. Kilichobadilika ni wewe tu. Nyuma kwenye miksa, ule mtambo wa sauti, ulikuwa unakaa wewe, sasa anakaa Fundi Redio. Mtu mwenyewe ni mwema, lakini maisha yake yote ametengeneza redio, bendi haijui. Kila nikimuuliza anaangalia waya zake na kusema, "Kiongozi, mbona mitambo ni mizima."

Na kuna jambo kubwa. Tarehe nane mwezi wa tatu anakuja mwenye studio kutusikiliza. Akitupenda, tunarekodi kaseti nzima. Siku hii nimeingoja tangu nilipokusanya hawa watu mmoja mmoja, Tarumbeta nikimtoa bendi ya shule na mpiga besi nikimtoa kwenye kuuza viatu. Nakuomba uniandikie ulikuwa unapangaje vifungo vya miksa. Nitampa Fundi Redio, mambo yarudi kama zamani.

Wako akupendaye,
Mdogo wako


16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo bado unanikumbusha kwamba nipo, lakini nashukuru. Huku kazi ni mashuka asubuhi, taulo mchana, na msimamizi anayepita kila saa akinusa nguo kama paka. Nafurahi kusikia una afya.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka. Usijisumbue sana. Watu wa ukumbini wana tabia zao, leo hivi, kesho vile. Mimi nina ushauri. Siku ya mwenye studio pigeni zaidi ule muziki usio na maneno. Tarumbeta apewe nafasi. Na mpiga besi, si huwa anaimba akifunga vyombo? Mpe wimbo mmoja, hata miwili, wewe pumzisha koo. Kiongozi si lazima afanye kila kitu. Kila mtu anajua bendi ni yako.

Mipango ya miksa nimemwandikia Fundi Redio kwenye hiyo karatasi ndogo niliyoikunja. Mpe mkononi mwake. Usiifungue, ni mambo ya ufundi tu, hayatakuingia.

Kula vizuri. Nakupenda sana, unajua.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sijui hata niseme nina hali gani.

Kwanza nisamehe, karatasi niliifungua. Wewe mwenyewe unanijua, ukiniambia usifungue, umeniambia fungua. Na afadhali nilifungua, kwa sababu ulikuwa umekosea! Uliandika hivi: "Maiki ya Kiongozi. Spika kubwa za ukumbini, namba mbili. Spika yake ndogo ya miguuni, namba nane." Nikacheka peke yangu. Nikasema masikini dada yangu, mashuka yamemchosha, ameandika kinyume. Nani anaweka sauti ya mwimbaji namba mbili kwa watu mia tatu, halafu namba nane kwa ajili ya huyohuyo anayeimba? Basi nikachukua kalamu nikakusahihishia. Ukumbini nane, miguuni mbili. Fundi Redio alisoma, akaniangalia, akasoma tena. Akaniuliza, "Kiongozi, una hakika dada yako ndivyo alivyosema?" Nikamwambia, wewe fanya kazi yako.

Mwenye studio akaja na daftari lake, akakaa safu ya mbele. Muziki wa kwanza haukuwa na maneno, na mguu wake haukutulia hata kidogo. Wa pili nikaimba. Kwa kuwa spika ya miguuni ilikuwa chini, sikujisikia, nikaongeza nguvu, nikatoa yote niliyonayo. Haki ya Mungu, dada, sijapata kuimba vile! Yeye akafunga daftari. Mama mmoja akamtoa mtoto wake nje mbiombio. Nilidhani mtoto anaumwa.

Tulipomaliza alitushika mikono wote. Alimwambia Tarumbeta hajasikia mpulizo kama ule miaka kumi. Akasema studio iko tayari, tarehe ishirini na tano mwezi wa nne twende wote. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Na nani atawaimbia?" Nikamjibu, ni mimi. Akasema, "Ndiyo, nimekusikia. Na nani atawaimbia?"

Wenzangu wakainama kukunja waya. Siku hiyo zilikunjwa waya ambazo hazijakunjwa tangu zinunuliwe. Mpiga besi akasema bila Kiongozi hawaendi popote, wengine wakaitikia, lakini walivyoitikia ni kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Sasa wameniachia niamue mimi. Niamue nini? Sielewi kitu, dada, najiona kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake. Niambie tu, ulikuwa umeandika kinyume, siyo?

Mdogo wako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama unaumwa, sema. Kama nimekukosea kwa kufungua karatasi, nimeshaomba radhi, na naomba tena.

Zimebaki wiki tatu. Fundi Redio ameniazima redio ya kaseti nijirekodi mwenyewe. Nikaimba, nikasikiliza. Loo! Yule si mimi. Nikasema kaseti imechakaa, inavuta. Nikanunua kaseti mpya, na yule mtu bado yumo.

Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi, wala hujanikosea. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Sikuandika kinyume.

Namba mbili ukumbini, namba nane miguuni, ndivyo nilivyokuwekea kila Jumamosi kwa miaka sita. Watu walikusikia kama mtu anayeimba chumba cha pili, na muziki ukafunika. Wewe ulijisikia vizuri, ukashuka jukwaani unacheka. Sauti yako si nzuri, mdogo wangu. Inapitia puani, inakwaruza, na ukiitia nguvu inaacha muziki kabisa na kwenda njia yake. Bendi ni nzuri mno, na aliyeifanya iwe hivyo ni wewe. Lakini ukiimba unafukuza watu. Wenzako wanajua. Niliwaomba mimi wasikuambie.

Utauliza kwa nini. Baba alipofariki ulikuwa na miaka mitano, na ulikaa miezi tisa hutamki neno. Mama alikupeleka kila alikoambiwa, lakini wapi. Siku moja unasuuza vikombe, ukaanza kuimba. Mama aliketi palepale sakafuni akalia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliapa kwamba hakuna mtu atakayekuambia wewe nyamaza. Ukawa mtu mzima, ukaja kuniambia unaanzisha bendi na mwimbaji ni wewe. Nikaenda kujifunza miksa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilificha, kisha nikapata kazi huku, nikaondoka, nikakuacha mbele za watu peke yako. Nilipaswa kukuambia kabla ya kupanda gari. Niliogopa, na mpaka sasa naogopa. Waruhusu wenzako waende studio. Nisamehe ukiweza.

Nakupenda.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Wamekwenda. Niliwaambia mpiga besi aimbe. Nikawabebea vyombo mpaka mlango wa studio, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sina hasira kwa ajili ya sauti. Mungu hakunipa, basi. Nina hasira kwa sababu miaka sita nilisimama pale mlangoni nikikaribisha watu, nawaambia leo nina wimbo mpya, na ninyi nyuma yangu mnatazamana. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zenyewe ulinifulia wewe.

Sasa sijui nishike lipi niache lipi. Uliniambia nina akili. Ni kweli? Uliniambia yule mchumba aliyeniacha hakuwa na maana. Au alikuwa na haki yake? Unasema nimeifanya bendi iwe nzuri. Hilo nalo umeliweka namba ngapi? Unaniandikia unanipenda. Nilikuwa naliamini hilo sawasawa na nilivyokuwa naamini kwamba naimba vizuri, na wala sijui tofauti yake naijuaje.

Usinijibu upesi.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimengoja miezi miwili kwa sababu ulitaka ningoje. Imekuwa mirefu. Hapa wamenihamishia kwenye kupiga pasi, na nimeunguza shati la mgeni nikiwaza nikuandikie nini.

Umeuliza, nami nakujibu. Akili unazo, lakini kusikiliza husikilizi, hata mtu akikushika bega. Yule mchumba alikuwa mtu mzuri. Nilimsema vibaya kwa sababu ulikuwa unalia na sikujua la kufanya. Lile shati lako la maua linatia aibu, na mara moja nilililoweka makusudi kwenye dawa ya kung'arisha ili lichuje, likagoma. Kupanga watu na muziki unajua kuliko mtu yeyote niliyemwona. Mwenye studio hakuja kusikiliza huruma yangu, alikuja kusikia kazi yako.

Na hili ndilo gumu. Ilipofika mwaka wa nne, sikuwa nakupunguza tena kwa ajili yako. Nilikuwa naona aibu. Watu walijua mimi ni dada yako.

Nakupenda. Hilo lichukue au liache, ni hiari yako, lakini liko kama lilivyo.

Sasa na wewe niambie ukweli mmoja kuhusu mimi, ambao hujawahi kuniambia. Usinihurumie.

Dada yako


14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Pole kwa pasi.

Chai yako haikunyweka. Yalikuwa maji ya moto yaliyoyaona majani kwa mbali. Kila asubuhi ukigeuka kufuata sukari, mimi na mama tulikuwa tunaimwaga dirishani. Kila asubuhi, dada, mpaka mwaka aliokufa. Aliniapisha nisikuambie maisha yangu yote. Alisema, "Mwenyewe anaipika kwa moyo, atavunjika." Lile ua lililokuwa likinyauka chini ya dirisha, ulilolitilia mbolea miaka miwili, halikuwa na ugonjwa wowote.

Kwenye bendi sasa napiga manyanga, na bado ndiye ninayewaambia waanze lini na wanyamaze lini. Ukumbi unajaa, mpiga besi anaimba, na watu hawaendi kukaa. Nafurahi, na nikifika nyumbani naumia, yote mawili. Juzi Tarumbeta kaniambia usoni kwamba hata manyanga nachelewa. Nilimwambia asante, ingawa sikulala vizuri siku mbili.

Ukija likizo, chai napika mimi.

Mdogo wako