Machozi ya Mwenye Kuuliza

Yaya Mado, dada yangu,

Natumaini goti lako limeacha kutabiri mvua, na maji ya mto Luvua hayajapanda mpaka mulangoni. Hapa Kalemie niko muzima. Ziwa tu linanichanganya: muntu wa mto kama mimi, kila asubuhi natafuta ngambo. Siku zingine milima ya Tanzania iko pale. Siku zingine imeondoka bila kuaga.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kukaa kusikiliza watu. Njo hii: nakusanya maisha ya wanawake waliopenda wanawake, na wanaume waliopenda wanaume. Wanasimulia, kifaa kinanasa sauti, kisha kule biro, ofisini kwetu, naandika neno kwa neno.

Juma lililopita nilikaa na mama mumoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa. Jina lake alisema niliache; mengine ameruhusu nikuandikie. Aliishi na mwenzake miaka mingi. Majirani waliwaita ndugu, eti wanafanana mpaka pua. Mwenzake alipofariki, mukeka wa mufiwa, ule watu wanaoupigia magoti kutoa pole, aliukalia shangazi wa ukoo aliyetoka Moba, asiyejua hata marehemu alipenda chumvi kiasi gani. Mama akatumwa inje kuchambua ndagala za wageni.

"Nilichambua mpaka zikaisha," alisema. "Nikaanza tena zile safi."

Kisha akanitazama. "Na weye, mutoto mwanamuke? Siku ukikufa, nani atakalia mukeka wako?"

Niliposikiliza tena kule biro, kwenye kifaa kuna upepo wa ziwa, kuku, halafu kilio. Kilitoka mbali, kama cha muntu aliye chini ya maji. Nilimuhurumia kabla sijamutambua.

Mukubwa wa biro naye akasikiliza. "Andika: mama analia."

"Hapana, papa. Yule njo mimi."

"Weye? Karatasi haina nafasi ya machozi ya mwenye kuuliza."

Nikayaandika pembeni, kwa kalamu ya bic.

Yaya, Anyesi, yule mwanamuke unayemuita mupangaji mwenzangu, si mupangaji. Njo muntu wangu, mwaka wa sita sasa. Nimekuficha weye, uliyenifundisha kusoma kwa karatasi za sabuni. Niliogopa. Bado naogopa.

Salimia shemeji na nyavu zake, watoto wote, na mama mukwe wako anayesikia kila kitu isipokuwa akiitwa. Anyesi anakusalimia, anauliza kama Ankoro kuna mbu. Nimemudanganya.

Usihangaike kujibu. Noeli tutashuka kwa mutumbwi, watu wawili. Nitaangalia tu umetutandikia mikeka mingapi ya kulala.

Mudogo wako,
Sifa