Darasa Lako la Siasa, Dada Eliwaza

Dada Eliwaza,

Shikamoo. Sijui kama mtu aliyelala kaburini huamkiwa, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa namna nyingine. Wewe mwenyewe ndiye uliyenizoesha. Siku niliyofika hapa kutoka Tanga, mwalimu mgeni mwenye sanduku la bati na kanga nyepesi mabegani, ulinipokea pale basi linaposimama, nami nikakuambia, "Habari yako." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Huku milimani, Zainabu, hata aliyekutangulia mwezi mmoja unamwamkia!" Kisha ukavua sweta lako ukanivika, ukatembea mbele yangu kwenye ukungu na blauzi tupu, huku ukisema huoni baridi. Meno yako yalikuwa yanagongana. Niliyasikia.

Majibu ya mtihani wa kidato cha sita yametoka. Ndiyo yaliyonikalisha niandike. Nitakueleza yote, ila kwanza nikupe habari za nyumbani, maana najua ungeniuliza hizo kabla ya kitu kingine.

Neema hajambo. Yuko Magamba kwa mama yako, amejaa mashavu, na siku hizi anazungumza Kishambaa kitupu. Baba yake bado yuko Kwamkoro kwenye chai. Kila akipata ruhusa anashuka mlima ule na kupanda huu kuja kumwona. Amekonda, dada. Mwanzoni Neema alikuwa akisikia gari linapanda kutoka mjini anakimbilia barabarani, akidhani umerudi. Sasa gari likipita anaendelea kucheza. Mama yako anasema ni nafuu. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Darasa lako walinipa mimi. Ungesikia hilo ungecheka tena, maana mimi na jiografia yangu ya mito na mvua tungejua nini juu ya jamii? Mlango wa darasa langu ulikuwa karibu na wako, nami nikiwapa wanafunzi ramani ya kuchora nilikuwa nasimama kukusikiliza. Kwenye muhtasari wa Siasa ile mada iliandikwa "Jamii na mabadiliko yake". Nilitegemea utawaandikia maana ya jamii ubaoni, wanakili, wakakariri, mambo yaishe. Wewe uliingia ukaweka chaki mezani ukawauliza, "Kwenu kuku akichinjwa, firigisi anakula nani? Na shingo anapewa nani?" Wasichana wakaangua kicheko. Wakajibu wote kwa pamoja. Halafu kicheko kikapungua chenyewe, kikaisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwona mama yake na ile shingo. Ukasema, "Jamii ndiyo hiyo. Sasa tuandike."

Na ile likizo uliyowatuma wakawaulize wanawake wazee wa kwao, maisha yamebadilika vipi tangu uhuru. Walirudi na mambo! Yule msichana wa Kwai alileta habari za bibi yake aliyekamua ng'ombe wa Mzungu miaka yote asiruhusiwe kuonja maziwa, na leo mjukuu wake yuko kidato cha sita. Darasa lilipiga makofi mpaka na mimi huku nikapiga, wanafunzi wangu wakanishangaa.

Penina alisoma mwisho. Unamkumbuka alivyosimama, mikono imeshika dawati. Kwao ni bondeni, ukishuka kuelekea Mombo, na watu wa kwao walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya. Alisoma kwamba bibi yake alipandishwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake. Kwamba nyumba yake iliangushwa ili asirudi. Kwamba walipofika alikaa chini kando ya njia, akasema hapa si kwangu, na mvua ikamnyeshea pale pale. Alisoma pia kwamba sasa bomba liko karibu, na mdogo wake anakwenda shule ambayo zamani haikuwepo. Akamalizia, "Bibi anasema maji ni matamu, lakini hakuna aliyemuuliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Wewe ulisema, "Asante, Penina. Kaa." Kutoka mlangoni kwangu nilikuona umegeukia ubao muda mrefu bila kuandika kitu.

Sijui nani aliyepeleka maneno. Shule ina watu wengi. Lakini haikupita muda akaja yule bwana wa ofisi ya wilaya, ukaitwa kwa mkuu wa shule, nasi tuliokuwa chumba cha walimu tukajifanya tunasahihisha madaftari huku tumetega masikio. Alikuuliza unafundisha Siasa au unafundisha manung'uniko. Uliongea polepole, kwa Kiswahili chako kile chenye mvuto wa Kishambaa.

"Ndugu, mimi vijiji vya ujamaa naviamini. Nimelima shamba la kijiji kwa jembe langu. Lakini huyu msichana ameandika alichoambiwa na bibi yake. Nikimfundisha leo kuficha hilo, kesho atakaa kwenye ofisi kama yako, na atakuficha hata wewe."

Yule bwana alisema tu, "Tutaona." Akaondoka bila kumaliza chai yake. Ulipotoka mle ofisini ulipita katikati yetu, hakuna aliyekusemesha, ukaenda moja kwa moja darasani kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

Wiki iliyofuata ukaanguka. Ulikuwa unaandika ubaoni, ukajishika tumbo, ukakaa sakafuni kama mtu aliyechoka. Walikushusha Tanga kwa Landrova ya misheni. Nilitaka kuja na wewe, ukanikataza kwa kidole: "Baki na watoto." Ndilo neno lako la mwisho kwangu, na wala hukuwa unanitazama, ulikuwa unatazama madirisha ya darasa. Tulisikia wamekupasua. Tukasikia unaendelea vizuri. Halafu tukasikia.

Tulikuzika Magamba, chini ya msitu, na mvua. Wasichana wako waliimba. Mimi Mwislamu nilisimama pembeni na dua zangu, mchungaji akanivuta kwa mkono nikasimame na ndugu zako. Penina hakuja. Walisema amelala bwenini anaumwa kichwa.

Mkuu wa shule aliponikabidhi darasa aliniambia, "Mwalimu Zainabu, mtihani uko mlangoni. Wape cha kukariri." Nikawapa. Siku ya kwanza nilisimama pale ubaoni, mwandiko wako bado uko pembeni juu, hakuna aliyeufuta, na mimi sikuweza. Nilianza kusoma maana ya jamii kutoka kwenye kitabu, macho yakarudi kwenye mwandiko ule. Msichana wa mbele akainuka akanifutia ubao. Kwa mkono wake, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akarudi kukaa, nasi sote tukalia, dada, darasa zima, kengele ikalia tukiwa tunalia.

Baada ya hapo walinakili tu. Penina aliandika kila neno nililotamka na hakuinua uso hata mara moja. Nikimuuliza swali anajibu kama kitabu. Nilidhani ni majonzi ya kawaida. Mpaka mchana mmoja tuko shamba la shule tunapalilia kabichi, nikamwona amesimama ameegemea jembe, wenzake wamempita mbali. Nikamsogelea. Akasema bila kunitazama:

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemuua."

Nikamwambia anyamaze, asiseme hivyo. Akaendelea. Kama asingesoma ile habari, usingeitwa. Usingeitwa, usingeumwa. Alikuwa ameshalipanga hivyo kichwani kama hesabu, akalibeba peke yake miezi yote ile. Nilimweleza kwamba ugonjwa hauji hivyo. Hakunisikia.

Jumamosi nikamwombea ruhusa, tukapanda Magamba kwa miguu. Mama yako alikuwa nje anamenya maharage. Nilimweleza kilichotuleta, Penina ameinamisha kichwa. Mama yako alimtazama sana. Sikujua atafanya nini. Kisha akasogea kwenye mkeka, akapigapiga kando yake kwa kiganja ili akae, akamwekea ungo wa maharage mapajani. Wakaanza kumenya wote wawili. Mama yako akaongea naye kwa Kishambaa, nami nikadaka nilichoweza, kingine Penina alinieleza njiani.

Alimwambia uvimbe ulikuwa nao tangu Neema hajaacha kunyonya. Kwamba ulimficha mumeo, ukatuficha na sisi, ukamwambia yeye tu, tena ukamwapisha asiseme, kwa sababu ulitaka kwanza uwavushe wasichana mtihani. Kwamba jioni ile ile uliyohojiwa ulipanda kwake, ukamsimulia habari ya lori na vyungu, na bibi aliyekaa kwenye mvua, neno kwa neno. "Nilidhani amekuja kulia," mama yako akasema. "Alikuwa anacheka. Aliniambia, mama, leo nimepata mwanafunzi."

Hapo Penina alijifunika uso kwa sweta akalia kwa sauti. Mama yako hakumshika. Aliendelea kumenya. Mwisho akamwambia, "Lia, mwanangu. Ukimaliza tumalizie maharage haya, jua linatua."

Jumatatu kipindi kilipoanza, Penina alisimama. "Mwalimu, tunaweza kurudi kwenye zile habari za kwetu?" Nilitazama mlango. Nilikuwa na hofu, sitakudanganya. Nikafunga kitabu nikasema ndiyo. Kuanzia siku hiyo tulijiandaa kwa mtihani kwa namna yako. Wakitaka kueleza mamlaka katika familia, mmoja anasimulia posa ya dada yake. Wakitaka kueleza kazi na uzalishaji, mwingine anasimulia nani anabeba kuni na nani anauza mboga sokoni. Halafu ndipo tunafungua muhtasari na kutafuta maneno ya mtihani yanayolingana. Mkuu wa shule alipita barazani tukiwa katikati ya mabishano, akasimama, akasikiliza, akaenda zake. Mchana nikaitwa. Alikuwa anapanga karatasi zake. "Mwalimu," akasema, "mimi leo sikusikia kitu." Basi, akaniruhusu niende.

Siku ya mtihani wa Siasa nilizunguka nje kama ninayesubiri mgonjwa. Kulikuwa na swali la vijiji: eleza mafanikio yake. Wasichana walitoka wanaongea wote kwa pamoja. Penina alitoka wa mwisho. Sikumuuliza, alikuja mwenyewe. "Nimeandika maji," akasema. "Nimeandika na shule. Na bibi nimemwandika." Nilimwambia vizuri, nikageuka haraka asinione uso.

Sasa majibu. Wengi wamepita, dada, na wamepita vizuri kuliko tulivyotegemea. Yule wa Kwai ndiye aliyeongoza, atakwenda Chuo Kikuu zamu yake ikifika. Penina amefanya vizuri sana masomo mengine. Kwenye Siasa, somo lako, yeye uliyesema ndiye mwanafunzi, amepata alama ya chini kabisa ya kupita. Sijui nani alisahihisha. Huenda aliishiwa na muda, huenda mwandiko ulimponza. Huenda ni bibi. Mkuu wa shule alisema amepita, tushukuru. Nilishukuru. Kisha nikaenda nyuma ya stoo ya shule nikasimama peke yangu, nikatafuta mtu wa kumwambia kwamba hii si haki, nikakuta nakutafuta wewe.

Alikuja kuniaga kabla ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na wenzake. Baada ya hapo amechaguliwa chuo cha ualimu. Nilimuuliza kama anajuta. Akafikiri kwanza, kama ulivyowafundisha, asinipe jibu la kunifurahisha. Akaniambia bibi yake amefariki kabla ya majibu. Lakini likizo ya mwisho alikuwa amemsomea ile habari yote, wamekaa mlangoni kwenye ile nyumba ya kijiji kipya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba airudie. "Kwa hiyo sijuti, mwalimu," akasema. Akapiga goti kuniaga, akaenda. Nilitaka umwone anavyotembea sasa. Anatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Jana nimeanza na kidato cha tano wapya. Wengine wametoka Tanga, wanatetemeka kwa baridi kama nilivyotetemeka. Niliwaambia waeleze nyumbani kwao nani huongea kwanza kukiwa na jambo, na nani huongea akiwa jikoni tu. Waliandika wote wameinama. Kisha kibinti kimoja cha nyuma kikanyoosha mkono: "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?" Nikacheka. Nikacheka, dada, kwa mara ya kwanza mle darasani tangu uondoke, mpaka machozi yakanitoka na wasichana wakatazamana. Nikamjibu sijui.

Sijui kweli. Ila nakuahidi wataulizwa. Maadamu niko kwenye darasa hili hakuna binti atakayetoka hajaulizwa habari za kwao, wala atakayesimama kusoma alichokiona halafu abaki peke yake. Neema akifika umri nitamfundisha mimi mwenyewe, na nitamwambia mama yake alikuwa nani, kwa Kiswahili na kwa kile Kishambaa changu kibovu.

Kengele ya kipindi cha kwanza inalia, nao wameshaanza kuingia. Lala salama, dada yangu. Ngoja niende kwa watoto.

Mdogo wako,
Zainabu