Mtungi wa Salma

Baba Salma, mume wangu,

Hapa kwenu Newala baridi inang'ata, lakini binti yako amekula ming'oko, vile viazi vyenu vya porini, mpaka kavimbiwa, na mifupa haijamuuma hata siku moja.

Uliniasa nisimsumbue mama yako kwa maji, maana ndoo inatoka mbali. Basi juzi nikajificha nyuma ya nyumba, nikamnywesha Salma kwenye chupa yetu. Mama akatukuta.

"Mama Salma, mbona unamnywesha mtoto kama mmeiba?"

Nikamweleza kwamba mwenye selimundu hunywa maji kila mara, damu isije ikakwama mishipani. Aliosha mtungi, akaujaza, akatangazia ua mzima: "Huu wa Salma. Hata shehe akija, asiuguse!"

Tangu hapo, kutwa ni kumwita: "Mke mwenzangu, njoo unywe!" Salma anacheka, anakunywa.

Leo asubuhi nimemwona Mama akienda kuoga na kopo moja tu la maji. Aliponiona, akalificha ndani ya kanga. Nikajifanya sijaona.

Ukija kutuchukua, mpenzi, usimletee kitenge. Mletee tangi la kukingia mvua.

Wako,
Mama Salma