Taya la Kwenye Picha Si Langu

Chumba cha Nyuma,
Studio ya Picha,
Mkabala na Duka la Dawa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Kwanza nakujulia hali, wewe na wote wa nyumbani kwako. Hujambo? Mumeo mgongo unamwendeaje, bado anatembea kama mtu aliyeangusha sindano? Wanangu wawili wazima, na masomo yanakwenda? Na baridi ya huko imelegeza, au bado mnakula na makoti mwilini?

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Mwalimu amestaafu shule, lakini shule haijamstaafu: sasa anasahihisha mabango ya maduka kwa kalamu nyekundu, na mwenye duka la dawa ameshamwomba kwa upole apite upande wa pili wa barabara. Mwanao mkubwa, kifungua mimba wangu, amepata kazi ya kupima macho, anakusalimu sana. Mimi niko na studio yangu, mgongo unauma kidogo jioni, mengine yote ni kheri.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza mara tatu. Umesema tarehe mbili mwezi ujao unafanyiwa upasuaji wa kuvutwa uso, wakuinue hapa kwenye taya palipolegea. Halafu ukacheka kile kicheko chako cha kuficha jambo, ukaniuliza: "Dada, niambie ukweli, unapaka nini? Umenizidi miaka minne, na taya lako kwenye picha limekaa kama la msichana. Nikijitazama mimi, naona nimeporomoka peke yangu."

Nimekaa siku sita bila kukujibu. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza siku sita.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kuchepuka. Kuna mteja wangu, nesi, anasafiri kuja huko Alhamisi na amekubali kuibeba. Basi keti, usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Sipaki kitu, mdogo wangu. Navuta kwa kompyuta.

Kila picha niliyokutumia tangu uondoke, miaka kumi na moja sasa, niliisafisha kwanza. Kazi yangu unaifahamu. Mteja akishatoka, naketi, nakuza uso wake mpaka ujaze kioo, nashika ukingo wa taya, nauinua kidogo, kisha nafuta kivuli cha chini ya kidevu. Ni kazi ya dakika nne. Wenyewe huniomba: "Fundi, hapa nipunguzie, usinipunguze sana wakanigundua." Picha za paspoti tu ndizo nisizozigusa, maana hizo ni sheria. Mara ya kwanza niliisafisha yangu kwa mazoea ya mkono, bila kufikiri. Za baada ya hapo sina la kujitetea, nilijua ninachofanya. Nilitaka uone dada yako hachoki, usije ukaingiwa na wasiwasi wa nyumbani. Pia nilijipenda hivyo, nisikudanganye mara ya pili.

Kumbe nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe huko peke yako unajilinganisha na mtu ambaye hayupo, mpaka umefika kwa daktari wa kisu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imekuwa na urefu wa miaka kumi na moja, na wewe ndiye uliyeitembea. Nimekukosea. Nisamehe.

Ukweli wa uso wangu ni huu. Nina miaka hamsini na mitatu. Mashavu yameteremka yakatua juu ya taya pande zote mbili, kama vifuko vya hirizi, la kushoto zaidi kwa sababu ndio upande ninaolalia, au ndivyo ninavyojifariji. Chini ya kidevu kuna ngozi inayotikisika kila nikisema hapana, na kwa wateja nilionao nasema hapana kutwa nzima. Mwalimu ananiita bata mzinga mwenye heshima zake. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Habari za taya hawakuzigusia.

Wala usidhani nilikaa bure. Niliwahi kununua mkanda wa kufunga kidevu, ule unaozunguka kichwa na kukaza kwa juu. Nikaufunga mchana huku chumba cha nyuma, nikajisahau, nikatoka nao kumpokea mteja, baba mmoja fundi bomba. Akanitazama kwa huruma. "Jino, mama?" Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo ulikuwa haufunguki. Akakataa kupigwa picha siku hiyo, eti nikapumzike, na kesho yake akaniletea karafuu nitafune. Mkanda wenyewe ukiuvua, nyama zinarudi pale pale kabla hujaukunja.

Baada ya ujumbe wako nilipanda ghorofa ya juu kwa daktari wa ngozi, mama mmoja ambaye huwa nampiga picha za kitambulisho. Nikamweleza yote, hata hili la kompyuta. Hakunicheka. Alinishika taya kwa vidole viwili kama anayepima uzito wa kitambaa dukani, akanivuta karibu na dirisha, akasema, "Hapa si ngozi tu, dada. Mafuta ya shavu yameshuka, na mfupa wenyewe hupungua kadiri umri unavyokwenda. Ni kama godoro limenywea, shuka lazima lilegee."

Nikamuuliza habari za krimu. Akasema ya kuzuia jua ni muhimu kila siku, hata kwetu weusi, na kuna ya usiku anayoweza kuniandikia, inayosaidia ngozi iwe na afya baada ya miezi. Lakini krimu ya kuinua kilichoanguka, akasema, bado hajaiona, na wauzaji wanaomletea hawajaacha kuja. Mazoezi ya kukunja uso hakuyapinga, ila alisema faida yake ni ndogo, na anayetafuna bazoka kutwa anaweza kujinenepesha misuli ya taya na kuumwa maungio. Nami nilikuwa nimeshamaliza pakiti mbili.

Kuna mashine inayopeleka joto chini ya ngozi ili ijikaze yenyewe polepole. Hiyo, alisema, inamfaa aliyelegea kidogo, na mabadiliko yake ni madogo, mwingine huyaona mwenyewe tu. Kuna sindano za kujaza sehemu zilizobonyea ili mstari wa taya unyooke, na dawa yake mwili huimeza baada ya muda, taya likarudi lilipoanzia. Kuna nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi na kuvutwa. Mara nyingi hazimalizi miaka miwili. Upasuaji ndio unaoinua kwelikweli na kudumu, hilo hakulificha. Lakini una kuvimba, una ganzi, una hatari ya kugusa mshipa wa fahamu uso ukapinda, na kovu lake hupita mbele ya sikio na kuzunguka nyuma.

Hapo ndipo aliponiuliza kama kwetu kuna mtu ambaye kovu lake huvimba likazidi kidonda chenyewe.

Nilikumbuka sikio lako la kulia, lile tundu la hereni ulilotobolewa ukiwa darasa la tatu, lililoota kinundu kama punje ya hindi, likakatwa, likarudi kubwa kuliko mwanzo. Umelifunika na nywele miaka yote. Sijui kama huyo daktari wa huko ameliona, wala kama umemwambia. Chiriku, nakushika miguu: mwonyeshe. Usione haya. Mwambie pia lilikatwa likarudi. Wa huku alisema hilo peke yake linatosha kubadilisha ushauri, maana kisu kitapita palepale. Na ukitumia dawa yoyote ya presha au ya kulainisha damu, itaje.

Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, uso ni wako, na ukiamka asubuhi ukajitazama bila furaha, mimi sipo hapo kukusaidia. Wapo wateja wangu waliofanya wakafurahi, na sioni wametenda dhambi gani. Ninachotaka ni uamue ukiwa umeona uso wangu wenyewe.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonichukua siku zote sita.

Picha ya mama uliyonayo sebuleni, ile ya shali ya buluu, nayo niliisafisha. Ulikuwa huko, hujapata karatasi za kukuwezesha kuja nyumbani na kurudi, ukaniomba nikupigie picha yake nzuri ya kutundika. Nilimkalisha kwenye kiti cha studio, nikampiga mara moja tu kwa sababu alikuwa anachoka. Kisha nikafanya kama ninavyofanya. Nikainua taya, nikafuta vifuko, nikalainisha shingo, nikahifadhi juu ya ile ya mwanzo. Nilipomwonyesha, aliishika mbali na macho yake. Akasema, "Nzuri sana, mwanangu. Sasa nipe na yangu."

Nilicheka, nikidhani ni utani wake ule. Nikamwambia nitampiga nyingine wiki ijayo. Wiki ijayo alilazwa, na yaliyofuata unayajua, ingawa hukuyaona.

Nimeitafuta ile ya mwanzo kwenye kompyuta ya zamani, kwenye kadi, kwenye kila kisanduku. Haipo. Wewe hukuwahi kumwona mama miaka yake mitano ya mwisho, na kitu pekee nilichokupa ni mwanamke niliyemtengeneza mwenyewe kwa dakika nne. Nimempiga picha mji mzima, nikampoteza mama yangu mwenyewe. Nilipata shida kuiandika sentensi hii na bado inaniuma nikiisoma.

Juzi nilifunga mlango wa studio saa nne asubuhi, nikaweka kamera kwenye miguu yake, nikaketi kwenye kiti cha wateja. Sikutumia simu, maana simu siku hizi inasafisha yenyewe bila kuombwa. Nilipiga moja ya mbele na mbili za ubavu. Sikugusa kitu. Zilipotoka kwenye mashine nilizishika kwa kingo zake, nikazipeleka dirishani. Kuanzia shavuni kushuka chini alikuwa mama. Si mama wa sebuleni kwako. Yule aliyekuwa akinisubiri mlangoni na kunikemea kwa kuchelewa.

Nimezitia zote tatu humu ndani. Zitazame mwangani, taratibu.

Mwalimu anakusalimu na anasema barua yako ijayo usisahau herufi kubwa. Mwanao mkubwa anawabusu nyote. Nisalimie sana shemeji na mgongo wake, nisalimie wanangu, na binamu yetu mshonaji mkimwona mwambieni kimya chake kimezidi. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe daktari mkweli na usingizi mtulivu.

Na ukikata shauri uende tarehe mbili, nenda na dua zangu zote. Ila kabla hujaenda, tafuta mpiga picha wa huko, ukae karibu na dirisha, akupige mbele na pande zote mbili, umkataze asisafishe. Kisha nitumie. Wewe ndiye uliyechukua upande wa kushoto wa uso wa mama, mwenyewe alikuwa akilisema hilo tangu tukiwa wadogo, na mimi huo sina mahali pengine pa kuupata.

Wako akupendaye kwa uso wake wote,

Dada Mkubwa