Bastola ya Njano ya Osmo

Jumapili, 1 Oktoba

Beri nyekundu ndoo mbili na nusu. Mgongo umekufa. Mume wangu Osmo hakuja porini – ana kazi kwenye printa, eti. Tangu walimu wenzake wamzawadie ile printa ya kuchapa vitu vya plastiki alipostaafu, hakuna kitu nyumbani humu kisichopata kishikizo kipya. Kulabu za sauna. Mfuniko wa kopo la kahawa. Vikombe vya mayai vya Pasaka, vya njano kama kifaranga. Kafundisha ufundi chuoni maisha yake yote, mikono haijui kutulia. Namcheka, lakini bila yeye mlango wa jiko ungekuwa chini siku nyingi.

Msako wa hirvi, wale paa wakubwa wa kaskazini, unaanza Jumamosi ya tarehe 14. Nimeshaanza kuota zile pembe pana kama makoleo.

Jumanne, 3 Oktoba

Nilikwenda banda la zamani la ng'ombe, karakana yake siku hizi, kutafuta ndoo nyingine. Nyuma ya makopo ya rangi – soksi niliyomfumia! Moja, ile niliyoitafuta kiangazi kizima. Nzito. Nikaingiza mkono. Bastola. Ya plastiki. Ya njano!

Kwanza nilicheka. Nikadhani ni mchezo wa mjukuu. Kisha nikaichunguza vizuri. Mimi binti wa mwindaji, silaha naijua hata ikivaa rangi ya kifaranga. Haikuwa na risasi, nilihakikisha mara mbili. Na ndiyo hatari yenyewe – mtoto yeyote angeiokota na kucheza nayo.

Nikamsubiri mezani. Hakukana, Osmo hajui kudanganya. Aliona kwenye televisheni polisi wamezikamata za namna hiyo. Akaiambia televisheni, upuuzi mtupu, plastiki haiwezi kustahimili. Televisheni haikumjibu! Basi akachukua mchoro mtandaoni aitengeneze, athibitishe kwamba haifai.

“Na umethibitisha?”

“Bado. Nilitaka kuifunga kwenye msonobari, niivute kwa kamba.”

“Na kamba ikikatika? Si ungeishika mkononi, wewe ninayekujua?”

Akaangalia mikono yake. Nami nikaiangalia. Ikilipuka mkononi, inaondoka na vidole, pengine na jicho. Vidole vile ndivyo vilivyonivika pete vikitetemeka kwa baridi. Nimemwita mjinga, mara kadhaa. Kisha nikampa supu ya samaki, bakuli mbili. Hasira yangu haijawahi kumnyima mtu chakula.

Jumatano, 4 Oktoba

Sikulala. Kutengeneza silaha bila kibali ni kosa, iwe ya chuma, iwe ya plastiki, hata ikikaa kwenye soksi. Osmo akipatikana nayo leseni zake zote za bunduki zinakwenda na maji. Pengine mahakamani. Na mimi ndiye kiongozi wa msako! Mwaka jana nilimrudisha nyumbani mchungaji mzima kwa kuingia kwenye kibanda cha wawindaji na bunduki yenye risasi. Aliniomba mbele za watu. Nikamwambia, baba mchungaji, Mungu anasamehe, mimi hapana. Leo je? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Asubuhi Osmo amekuja na dawa yake. Jiko la sauna. Tuichome, tuoge, tusahau. “Nani atajua, mkuu wangu?” Ananiita mkuu wangu akiwa na kosa. Nilikaribia kukubali. Nilikaribia sana.

Ijumaa, 6 Oktoba

Reijo kaja kunywa kahawa. Jirani mwema, yuko kwenye kundi letu la msako tangu ujana, lakini siri kwake ni maji kwenye pakacha. Hajakaa vizuri, anamuuliza Osmo: “Haya bwana, kifaranga chako cha njano kimeshalia?”

Nikamwaga kahawa mezani.

“Mtu huyu ana mikono!” ananiambia mimi. “Kazi safi kabisa. Nimemwambia anitengenezee na mimi. Mimi nataka nyeusi.” Akacheka. Macho hayakucheka sana.

Alipoondoka nikamgeukia Osmo. Alimwonyesha tu, anasema. Reijo alistaajabu jinsi kingo zilivyosawazishwa. Sifa! Miaka yote hii sijajua kwamba ukitaka kumwangamiza mume wangu, msifie kingo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sauna. Ndipo tunapoambiana ya kweli, hatuna nguo wala pa kukimbilia. Nikamweleza. Sheria imeacha mlango mmoja: anayeisalimisha silaha mwenyewe, kabla hajagunduliwa, haadhibiwi kwa kuwa nayo. Akigunduliwa kwanza, mlango umefungwa. Na Reijo akienda dukani, kijiji kizima kitajua kabla maziwa hayajafika nyumbani kwake.

Akamwaga maji kwenye mawe ya moto, mvuke ukapanda. 

“Wakinifunga?”

“Nitakuletea mikate ya iliki.”

“Na printa? Wataichukua?”

Hilo ndilo lililokuwa likimla! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, kisha akalia. Mzee wa watu, amekaa juu ya ubao analia. Nikamsugua mgongo. Nampenda mpumbavu huyu, sijui nifanyeje.

Jambo moja sikumwambia. Kabati la bunduki ni letu sote. Bunduki ya marehemu baba imo humo, bega kwa bega na zake. Polisi wakianza kuchunguza wanaweza kubeba zote, na bila bunduki hiyo mimi sina msako. Osmo hajalifikiria. Akilifikiria, ataitupa bastola ziwani usiku huu huu ili kuniokoa. Basi nimenyamaza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kapiga simu polisi mwenyewe. Amesimama wima, shati limefungwa mpaka kooni, kana kwamba wanamwona. Akasema: “Jambo ni la kijinga, na nimelifanya mimi.” Nilijivunia.

Afisa aliyepokea ni mwanamke, mpole. Tusiilete. Tusiiguse. Watakuja kesho. Osmo akauliza, basi yameisha? Hapana. Kuisalimisha ni jambo moja, kuitengeneza ni jambo jingine. Hilo ataliamua mwendesha mashtaka, yeye hawezi kuahidi kitu.

Jioni hakugusa printa. Alikaa nami kukunja nguo. Anakunja vibaya sana.

Jumanne, 10 Oktoba

Wako hapa. Naandika jikoni, nikikaa bure nitapiga kelele.

Wamekuja wawili. Vainikka – ndiye wa jana kwenye simu, rika la binti yetu – na kijana mrefu aliyegonga kichwa mlangoni. Wamefuta viatu bila kuambiwa, wamelelewa. Sasa wako bandani na Osmo, dirisha liko wazi. Namsikia. Mungu wangu, anatumia sauti ya darasani! “Angalieni hapa, hapa ndipo ingepasuka kwanza...” Osmo, nyamaza! Kaulizwa jina, anatoa somo zima! Hata Reijo jirani, anasema, amesifu kingo. Kijana mrefu anaandika kila neno.

Baadaye kidogo.

Bastola imetolewa bandani ikiwa ndani ya mfuko, pamoja na soksi yangu. Printa nayo imebebwa. Osmo anawafuata nyuma: msishike hapo, itapinda!

Vainikka kanywa kahawa, kasifu iliki, kaniuliza kama ni ya kusagwa nyumbani. Kisha kaomba ufunguo wa kabati la bunduki.

“Zote, mama. Kwa sasa.”

Osmo akaruka. “Ya kushoto ni ya mke wangu! Yeye hahusiki!”

“Kabati ni moja?”

“Moja.”

Hapo ndipo alipoelewa. Akanigeukia. “Raili. Ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu saunani?”

“Tangu saunani. Ungeitupa ziwani.”

“Ningeitupa, ndiyo! Jumamosi watu wote wale wanakusubiri wewe!”

Nimempa Vainikka ufunguo. Kijana mrefu yuko chumbani anazitoa, nasikia chuma kikigusa chuma. Ya baba naijua kwa mlio. Inauma, sitajidanganya. Osmo amekaa kando yangu na ameushika mkono wangu wa kushoto kwa nguvu. Hajaomba msamaha kwa maneno. Mkono unatosha. Nimemwambia, hirvi watasubiri mwaka mmoja, hawana pa kwenda. Tutapita katika hili. Tumeshapita mengi.

Simu yangu inalia mezani. Jina la Reijo. Vainikka ameliona, yuko pale mlangoni. Kaniuliza, ndiye yule jirani aliyeisifu? Nimesema ndiye.

“Aliisifu tu,” ameuliza, “au na yeye anayo?”

Nimecheka. Nimemgeukia Osmo tucheke wote.

Ameuachia mkono wangu.