Nani Aliyesema Tukaze Mikanda?

Mwende mjukuu wangu,

Huku Matiliku tuko, tumechoka tu. Mvua ilikuja kidogo ikaenda zake, na mjomba wako bado anakohoa. Anakusalimia.

Unaniuliza nilielewaje misemo ya Kiingereza ya magazetini, ile mwalimu wako anataka uieleze. Maana zake nilifundishwa shuleni. Lakini kuna mwaka mmoja wa ukame, ambao sina nguvu ya kuusimulia, tulikuwa kwa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, sisi wanawake tukichimba mitaro ya kuzuia udongo, shamba la huyu kisha la yule. Tulipopumzika niliwasomea karatasi ya gazeti iliyofungiwa sukari dukani kule mjini Salama. Iliandikwa kwamba wananchi watalazimika kukaza mikanda. Nikawaeleza kwamba ni msemo wa Wazungu, maana yake tupunguze matumizi.

Unajua kwetu mtu akitoa methali kikaoni, lazima ijulikane nani anayesema na anamwambia nani. Basi wakaniuliza vivyo hivyo: "Ni nani anasema? Na yeye amekaza?"

Nikasoma tena kutoka juu mpaka chini. Ni "ilisemekana" na "inatarajiwa" tu. Jina la mtu halikuwepo.

"Sasa tutamuuliza nani?" akasema wifi yangu Syombua. Tukashika majembe.

Wewe mwandikie mwalimu maana, upate maksi zako. Mimi hadi leo nikikuta msemo mtamu gazetini, kwanza namtafuta aliyeusema. Mara nyingi navua miwani kabla sijamwona.

Ni mimi susu yako, ninayekungoja Desemba.